Seli ya haidrojeni si betri

Jumanne stima ilipotea hapa Kibuye mara tu mvua ilipoanza, na fundi wangu wa simu akarudia hadithi yake: eti kuna busta, ile minara ya simu, zinazotumia "betri ya haidrojeni", ukiichaji mara moja inakaa siku tatu. Nimechoka kunyamaza.

Kitu chenyewe ni seli ya haidrojeni, na maana yake ni fupi. Haidrojeni inaingia upande mmoja, hewa upande wa pili, katikati pana utando. Haidrojeni na oksijeni zinaungana bila moto wowote, na kinachotoka ni umeme, joto na maji.

Matata yako kwenye jina. Kwa Kiingereza ni "fuel cell", watafsiri wameandika "seli za mafuta", na sisi tukisikia mafuta tunawaza petroli au ya kukaangia omena. Hii ni gesi, inaletwa kwa mitungi. "Seli" ina asili ya Kilatini, cella, chumba kidogo, ndiyo maana polisi wakikushika unalala seli. Chumba kimoja hakifikishi hata volti 1 kikifanya kazi, na mitambo ya busta inataka 48, kwa hivyo vinabanwa pamoja makumi kwa makumi, kama chapati kwenye hotipoti.

Fundi ana mwenzake, lakini. William Grove wa Wales, aliyeonyesha jambo hili mwaka 1839, naye aliiita betri ya gesi.

Betri ni ghala. Unatia umeme, unautoa, unakwisha. Mawe ya redio hata kutia hutii, yakiisha ni kutupa. Seli haiweki kitu. Ni kama meko: maadamu mtungi una gesi, sufuria inachemka, na hakuna anayeuliza meko yana chaji kiasi gani. Labda kinachowachanganya watu ni kwamba pale kwenye busta kando ya seli huwa kuna betri kweli, ya kushika zile sekunde za kwanza stima ikikatika.

Kuhusu "safi", hapo chini ya busta ni kweli, hakuna moshi wala ngurumo ya jenereta ya dizeli. Ila haidrojeni nyingi duniani bado inatolewa kwenye gesi asilia, na hiyo hutoa kaboni. Ingetengenezwa kwa maji na umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, ningesema safi bila kusitasita.

Kwa hivyo, fundi wangu, usiulize chaji inakaa siku ngapi. Uliza wameleta mitungi mingapi.