Kurubuniwa, kutapeliwa, kuingizwa mjini: tunavyoyachanganya haya maneno

Dhana: yote maana moja, kudanganya tu.

Ukweli: hapana jamani. Kudanganya ni neno la jumla, hata mtoto akisema kanawa mikono kumbe hajanawa kadanganya. Kutapeli mpaka hela au mali iondoke. Kurubuni sasa ndio kuna mambo, maana lina undugu na arabuni, lile neno la Kiarabu la hela anayotanguliza mnunuzi ili mali isiuzwe kwa mwingine. Yaani anayekurubuni mara nyingi anaanza kwa kukupa kitu cha kweli kabisa. Binti wa kijijini anapewa simu, nauli ya basi imelipwa, mama yake kaachiwa kitenge na kilo mbili za sukari, na hivyo vyote viko mkononi vinashikika, uongo uko huko anakopelekwa ambako hamna aliyewahi kufika.

Dhana: si alikubali mwenyewe, hakulazimishwa.

Hii inaniuma kuliko zote kwa sababu nimeisikia mpaka misibani. Ile Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2000 inayopinga usafirishaji haramu wa binadamu inasema mtu akichukuliwa kwa hila ili akanyonywe, kukubali kwake hakuhesabiki, na akiwa chini ya miaka 18 hata hiyo hila hakuna haja ya kuithibitisha. Tanzania ilitunga sheria yake 2008, Kenya 2010.

Dhana: kuvikwa kilemba cha ukoka, yaani kusifiwa kwa uongo, ni heshima. Ukoka ni majani yale tunayokanyaga uwanjani, sasa jipime mwenyewe.

Dhana: wanaoingizwa mjini, yaani wanaotapeliwa kirahisi, ni washamba.

Ukweli: shangazi yangu kazaliwa Kariakoo, kakulia Kariakoo. Siku moja yuko na hela ya kodi ndani ya simu anajiandaa kumtumia mwenye nyumba, meseji ikaingia "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu", akatuma. Aliyeiandika hamjui shangazi wala mwenye nyumba, hawa wanatuma meseji hiyohiyo kwa namba nyingi wakisubiri imkute mtu mmoja mwenye malipo ya kutuma saa hiyo, na kwake ilifika dakika ambayo hata mimi ningetuma. Wahenga walishasema ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Alikaa miezi mitatu hajatuambia, akawa anakopa kimyakimya kufidia ile kodi, kwa sababu alijua tutasema "shangazi kaingizwa mjini" na watu watacheka, neno lenyewe linamcheka aliyeibiwa afu mwizi hatajwi popote. Polisi wao kwenye mashtaka wanaandika "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu", na hapo anayesemwa ni yule aliyezichukua.