Nakala nyingi za kijitabu kimoja si marudio

Wengi hudhani kwamba maktaba inayotunza nakala kadhaa za kijitabu kimoja cha opera ya vichekesho ya Waingereza Gilbert, mwandishi wa maneno, na Sullivan, mtunzi wa muziki, inajaza rafu bure. Sivyo. Vijitabu hivyo vya maneno ya nyimbo viliuzwa kwa watazamaji, nao uchapaji ulifuata mabadiliko ambayo Gilbert aliyafanya hata baada ya onyesho la kwanza. Opera iliyofunguliwa katika ukumbi wa Savoy, London, tarehe 22 Januari 1887 iliitwa Ruddygore. Siku chache baadaye, kwa kuwa jina hilo lilikaribia mno tusi la Kiingereza “bloody” masikioni mwa waungwana, herufi y ikawa i: Ruddigore. Katika mkusanyiko kama ule wa mkusanyaji Reginald Allen, uliopo Maktaba ya Morgan, New York, herufi hiyo moja hutenganisha chapa mbili.