Ulimi hauna ramani ya ladha

Ule mchoro wa ulimi uliogawanywa vipande unaendelea kusambazwa kwenye magrupu: utamu kwenye ncha, chumvi na uchachu pembeni, uchungu nyuma. Si sahihi. Kila sehemu yenye vinundu vya ladha hutambua ladha zote tano, ikiwemo umami (ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama), na vinundu hivyo vipo hata kwenye kaakaa laini na kooni. Ndani ya kila kinundu mna seli za aina mbalimbali zinazopeleka taarifa kwenye ubongo kupitia neva.

Jipime mwenyewe. Chovya kijiti cha pamba kwenye maji ya chumvi, gusa ncha ya ulimi, na utaisikia chumvi palepale panapodaiwa kuwa pa utamu. Suuza mdomo, kisha gusisha maji ya sukari pembeni mwa ulimi, na utausikia utamu hapo pia.

Mkanganyiko una historia. Utafiti uliochapishwa Ujerumani mwaka 1901 ulionyesha tofauti ndogo za wepesi wa kuhisi kati ya sehemu na sehemu. Michoro ya baadaye ikazikuza, vitabu vya shule vikainakili, ndiyo maana wengi tunaiamini kwa nia njema kabisa. Ukitumiwa mchoro huo tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyekutumia jaribio la kijiti.