Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mwingi, inahitaji mwanga mkubwa

"Huyu mweusi sana, ongeza flashi." Kauli hii bado inasemwa studio, harusini na kwenye mahafali, tena na watu wenye kamera za maana. Flashi inaongezwa, na matokeo tunayajua: paji la uso linawaka, puani pana doa jeupe, mashavu yako gizani vilevile. Halafu lawama anabebeshwa mwenye uso.

Tuanze na mita, yaani kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mita ya kamera haijui inatazama nini. Imetengenezwa ichukulie kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kinatoa kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Jaza fremu kwa uso mweusi: kamera inaona giza, inaongeza, uso unatoka umepauka. Msimamishe mtu yuleyule mbele ya ukuta wa chokaa, amevaa kanzu nyeupe: kamera inaona weupe, inabana, uso unazama. Mtu mmoja, mwanga mmoja, picha mbili mbovu kwa namna mbili tofauti. Ngozi imekosa nini hapo? Weka mita isome nukta moja tu, pima shavu la upande wa taa, kisha punguza theluthi mbili za stopu mpaka stopu moja (kushuka stopu moja ni kukata mwanga nusu). Kwa mtu mweusi tii, punguza hata moja na nusu. Hamia manual, yaani kamera isijipangie yenyewe, funga vipimo hivyo, usiviguse mpaka mwanga wenyewe ubadilike.

Hilo ni la dakika mbili kujifunza. Linaloniudhi ni lingine.

Ngozi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga ulioingia ndani yake, ndiyo maana umbo la uso wake unalisoma kwa vivuli: kivuli cha pua, kivuli chini ya kidevu. Ngozi nyeusi hufyonza sehemu kubwa ya mwanga huo. Kinachoifikia lenzi, kwa kiasi kikubwa, ni mwanga uliogonga juu ya ngozi ukaruka, kama kwenye mbao iliyopigwa vanishi. Kwa hiyo umbo la uso mweusi unalisoma kwa mng'ao, na mng'ao ule juu ya shavu ni taswira ya taa yako. Taa ndogo hutoa doa dogo kali. Taa kubwa hutoa mng'ao mpana unaotambaa kwenye mfupa wa shavu mpaka taya. Ukiongeza nguvu ya flashi, doa halipanuki hata kidogo; linazidi weupe tu.

Na ukubwa wa taa hupimwa kutoka pale uso ulipo. Softboksi, lile boksi la kitambaa cheupe mbele ya taa, ya sentimita 120 ikiwa mita moja kutoka usoni ni taa kubwa. Ileile ikiwa mita nne ni taa ndogo. Bado kuna watu wanairudisha nyuma eti mwanga uwe laini! Ni kinyume kabisa. Isogeze mpaka ikaribie kuingia kwenye fremu, halafu punguza nguvu, kwa sababu ukitoka mita mbili kuja mita moja mwanga unakuwa mara tatu hadi nne.

Usiibandike karibu na kamera. Izungushe pembeni, digrii 45 hadi 60, juu kidogo ya macho. Upande wa pili weka ubao mweupe wa foma, kama nusu mita kutoka shavuni. Kazi yake si kujaza kivuli tu. Unalipatia shavu lile kitu cheupe cha kuakisi. Ugeuze polepole huku unatazama uso wenyewe, si kioo cha kamera, mpaka uone mstari wa mwanga ukishuka kwenye taya. Ukiuona, simama hapo. Mpiga picha asiye na tabia ya kuutafuta mstari huu kila kikao, vifaa havitamwokoa.

Huna taa? Kibaraza kinatosha. Jua letu la saa sita liko utosini, linaweka giza machoni. Mwingize mtu kivulini, mgeuze atazame kule kuliko wazi. Vichochoro vya Mji Mkongwe na Lamu vinafaa sana, maana ukuta wa chokaa unaopigwa na jua upande wa pili ndiyo softboksi. Mpiga picha Seydou Keïta kule Bamako, Mali, kati ya 1948 na 1962, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana tu. Tazameni mashavu ya watu wake.

Mafuta: gusagusa kwa tishu kwenye paji, pua na juu ya mdomo, usisugue, na mashavu yaache. Poda nyeupe usiikaribishe mbele ya flashi, uso utatoka na majivu.

Imani hii kwamba kosa ni la ngozi nyeusi ina historia. Tangu miaka ya 1950 maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Filamu zilituangusha kweli. Sensa za kamera za leo hazina kisingizio hicho.

Kwenye kuhariri, tazama histogramu ya rangi tatu, mchoro unaoonyesha kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, kwa sababu kwenye ngozi ya kahawia, rangi nyekundu ndiyo hupasuka kwanza, yaani huzidi kiwango ambacho kamera inaweza kurekodi, na kuacha mabaka ya njano. Ukiinua vivuli sana unapata kijivu na chenga. Na kile kitelezi cha mwangaza wa rangi ya chungwa, ambacho wengi wanakisukuma juu "kumsafisha" mteja, kinamfuta mtu na kumweka mwingine. Kiacheni.

Ila mng'ao uwe kiasi gani, sina kipimo. Picha ikichapwa kwenye karatasi isiyong'aa, ule uliopendeza kwenye skrini mara nyingi hufifia, nami huuacha mkali kidogo kwa hofu hiyo. Na maharusi wenye ngozi tofauti sana bado wananisumbua. Njia ninayoitumia ni kumsimamisha mweusi zaidi upande wa taa na kuielekeza taa kwake, mwenzake apate ukingo wa mwanga. Inafanya kazi wakiwa wametulia. Wakianza kucheza muziki, nachagua vipimo vya yule mweupe zaidi asipasuke, namwinua mwenzake baadaye kwenye RAW, faili ghafi la kamera, kwa nusu stopu hadi moja, na sijaridhika nayo.