Samoni wa Mto Columbia: eti wenyeji wanavua kiholela?

Kila msimu wa samoni unapofunguliwa katika Mto Columbia, kaskazini-magharibi mwa Marekani, manung'uniko ni yaleyale. Kwa nini makabila manne ya wenyeji asilia, yaani Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce, yategeshe nyavu na kuuza samaki mahali ambapo wavuvi wengine wa biashara hawaruhusiwi? Swali si baya. Tatizo ni majibu yanayozunguka.

Dhana: Serikali iliwapendelea.

Mwaka 1855 makabila haya yalitia saini mikataba na Marekani. Yaliachia mamilioni ya ekari za ardhi, lakini yakabakiza haki ya kuvua kwenye maeneo yao ya jadi, hata yaliyo nje ya ardhi waliyotengewa. Ni sawa na mtu anayeuza shamba na kuandikiana na mnunuzi kwamba njia ya kisimani inabaki yake. Mwaka 1905, katika kesi dhidi ya ndugu wawili wa familia ya Winans, wenye ardhi kando ya mto, waliowazuia Wayakama kufika mtoni, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba mkataba haukuwapa wenyeji haki. Wenyeji ndio waliotoa, na wasichokitoa kilibaki chao.

Dhana: Nusu ya samaki wote ni wao.

Nusu ni ya samaki wanaoweza kuvuliwa, baada ya kuwatoa wale wanaopaswa kupanda mto wakazaliane. Jaji Robert Belloni aliamua mwaka 1969 kwamba makabila yapate sehemu ya haki. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliitafsiri sehemu hiyo kuwa nusu kwa maji ya magharibi mwa jimbo la Washington, na kipimo hicho kikafika Columbia mwaka huohuo. Samaki wakiwa wachache, nusu yenyewe ni kidogo.

Dhana: Hakuna anayewadhibiti.

Hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu ni vigumu kutaja wavuvi wanaohesabiwa samaki zaidi kuliko hawa. Eneo lao la biashara ni kati ya mabwawa ya Bonneville na McNary, kama kilomita 237. Samoni wanaopita ngazi za samaki pale Bonneville, yaani vidato vya maji vya kuwavusha bwawa, huhesabiwa kupitia dirisha, wataalamu wa majimbo, serikali kuu na makabila hurekebisha makadirio msimu ukiendelea, na uvuvi hufunguliwa kwa siku chache, kisha hufungwa. Samaki wa ibada na wa kula nyumbani hutangulia. Wa kuuza hufuata kama wamebaki. Kila kabila hutunga kanuni zake, na tume yao ya pamoja, iliyoundwa mwaka 1977, ina askari wake wa doria mtoni. Majimbo yanaweza kuingilia pale tu uhifadhi unapolazimu, tena bila ubaguzi.

Mkono wa sheria umewahi hata kuwaangukia kupita kiasi. David Sohappy, Myakama ambaye jina lake liko kwenye kesi iliyozaa uamuzi wa 1969, alinaswa katika operesheni ya siri mapema miaka ya 1980. Maofisa walidai samoni kama 40,000 wametoweka kati ya mabwawa. Yeye alihukumiwa miaka mitano jela kwa kuuza samaki 317. Baadaye ilibainika kwamba wengi wa hao "waliotoweka" walikuwa wamegeukia kwingine kuzaliana.

Dhana: Nyavu za wenyeji ndizo zilizowamaliza samoni.

Kiwanda cha kwanza cha kusindika samoni kwenye mto huu kilifunguliwa mwaka 1866, na kufikia miaka ya 1880 viwanda vilikuwa vikisindika mamilioni ya kilo kwa mwaka. Kisha yakaja mabwawa. Bwawa la Grand Coulee halina ngazi ya samaki kabisa. Maporomoko ya Celilo, soko na uwanja wa uvuvi kwa maelfu ya miaka, yalizamishwa na bwawa la The Dalles tarehe 10 Machi 1957. Leo makabila haya yanarudisha samaki: samoni aina ya koho walitangazwa kutoweka katika Mto Snake, tawimto la Columbia, mwaka 1986, na Wanez Perce wakaanza kuwarejesha miaka ya 1990.

Kuna na ile ya kwamba boti za injini na nyavu za nailoni si jadi. Mkataba ulihifadhi uvuvi, haukuhifadhi kasia. Wavuvi wengine nao hawajaambiwa warudie zana za 1855.

Dhana: Samaki wa kando ya barabara ni wa magendo.

Msimu wa biashara ukiwa wazi, mvuvi wa kabila anaruhusiwa kumuuzia yeyote moja kwa moja, na mji wa Cascade Locks, mwendo mfupi kwa gari kutoka jiji la Portland, Oregon, ni mojawapo ya sehemu zinazojulikana. Nenda na barafu na pesa taslimu, na udai risiti.