Mtaji binafsi: nani huisimamia kampuni ikishatoka soko la hisa?

Mtaji binafsi (private equity) ni fedha ambazo mfuko wa uwekezaji hukusanya kwa wawekezaji wakubwa, kama vile mifuko ya pensheni na kampuni za bima, ili kununua kampuni, kuipandisha thamani na kuiuza, mara nyingi baada ya miaka 3 hadi 7. Kampuni ikiwa imeorodheshwa sokoni, mfuko hununua hisa kwa bei iliyo juu ya ile ya soko, kisha kampuni hufutwa kwenye orodha.

Kuanzia hapo umma hauoni tena hesabu za kila robo mwaka. Wengi hudhani usimamizi umelegea. Kwa ndani huwa umekazwa: bodi ni ya watu wachache, wengi wao wameteuliwa na mfuko, hupokea taarifa za fedha kila mwezi, na mkurugenzi mtendaji asiyefikia malengo haachwi muda mrefu. Viongozi nao hutakiwa kununua hisa kwa fedha zao.

Hatari kubwa iko kwenye deni. Tuseme kampuni imenunuliwa kwa milioni 1,000: mfuko umetoa 400, nyingine 600 zimekopwa. Mkopo huo hubebwa na kampuni yenyewe, si mfuko. Kwa riba ya asilimia 9, kila mwaka zinatoka milioni 54. Faida ya uendeshaji, yaani kabla ya kulipa riba, ikiwa milioni 100, mambo yanakwenda. Ikishuka hadi 50, haitoshi kulipa hata riba. Toys "R" Us, kampuni ya Marekani ya maduka ya vitu vya kuchezea iliyonunuliwa hivyo mwaka 2005, iliomba kinga ya ufilisi (ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai) mwaka 2017 ikiwa na deni la takriban dola bilioni 5. Deni lilikula fedha za kuboresha maduka wakati ushindani wa mtandaoni ukipamba moto.

Tena kuna mgongano wa maslahi. Bodi inaweza kuidhinisha kampuni ikope upya ili kuulipa mfuko gawio, au iulipe ada ya ushauri; anayeidhinisha na anayepokea ni walewale. Wa kuwazuia ni wakurugenzi huru, kama wapo, na wakopeshaji kupitia masharti ya mkataba. Masharti hayo yakiwa mepesi, wakopeshaji huchelewa kuingilia, na wafanyakazi na wasambazaji hupata habari mwisho kabisa. Kwa hiyo msambazaji anayeuza kwa mkopo aulize mapema: deni ni mara ngapi ya faida ya mwaka, linaiva lini (lini lazima lilipwe lote), na riba yake imefungwa au hupanda na soko?