Kutapika kwenye boti: maswali ya watu wa Moshi na Arusha wanaokwenda Unguja na Pemba

Likizo ya mwezi wa sita ikikaribia, watu wa huku mlimani wanaanza kuulizia mambo ya boti, na maswali ni yale yale kila mwaka, nayajibu hapa kwa pamoja.

Shikamoo daktari. Mimi kona zote za Rombo napita kwenye Noah iliyojaa na sijawahi kutapika, sasa boti itanifanya nini?

Marahaba. Inaweza ikakutapisha vizuri tu. Gari linayumba kwenye kona halafu linatulia, boti inapanda inashuka na kulala upande bila kukoma. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji inayouambia ubongo kwamba mwili unatikisika, wakati huo huo macho yanaangalia kiti cha mbele kimetulia yanasema hakuna kitu, basi ubongo unavurugika na kichefuchefu kinaanza. Siyo udhaifu, hata mabaharia yanawakuta. Na kipindi cha kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa hivi, bahari inachafuka kweli. Dar kwenda Unguja kwa boti ya kasi ni kama masaa mawili, unavumilia, ila Unguja kwenda bandari ya Mkoani, Pemba, kwa meli ya usiku unalala humo humo.

Nimeze Plasil nikianza kutapika?

Hapa ndo wengi wanapofeli. Plasil inasaidia kuzuia kutapika kunakotokana na sababu nyingine, kwa mtikisiko wa safari haifanyi kazi ya maana. Uliza duka la dawa promethazini (wengi wanaijua kama Phenergan) au sinarizini, na umeze lisaa limoja mpaka mawili KABLA ya kupanda, maana ukishaanza kutapika kidonge kinatoka nacho na tumbo lenyewe linakuwa limeshagoma kupitisha dawa. Zinalevya usingizi, kwa hiyo ukishazimeza usiguse pombe, na ukishuka usiendeshe hata pikipiki. Mjamzito, au mwenye presha ya macho, au mzee ambaye mkojo unamsumbua, aongee na daktari kwanza.

Nikae wapi, juu kwenye upepo?

Upepo ni mzuri lakini juu kabisa na mbele ndo kunakoyumba zaidi. Tafuta katikati ya meli, chini kidogo, uangalie kule meli inakoelekea. Mchana tazama mbali pale bahari inapokutana na mbingu na simu weka mfukoni, kusoma meseji ni kujitafutia. Usiku huoni kitu nje, kwa hiyo lala chali, kichwa kisicheze, funga macho. Ukiona miayo haiishi, mate yanajaa na jasho la baridi linatoka, hiyo ndo dalili, usisubiri jirani yako atapike ndo ushtuke.

Nile nini? Mama anasema nishibe mtori kabisa.

Mama namheshimu ila mtori wa nyama na mafuta uache mpaka urudi. Kula kidogo, mkate mkavu au ndizi mbivu, njaa nayo inaleta kichefuchefu. Tangawizi wengine inawasaidia. Ukitapika sana kunywa maji yenye ORS kwa mafundo madogo madogo, na dawa zako za sukari au presha ziwe kwenye begi la mkononi, siyo kwenye mzigo uliorundikwa huko.

Na watoto?

Chini ya miaka 2 mara nyingi hawasumbuki, wanaoteseka zaidi ni wa miaka 2 mpaka 12. Promethazini usimpe kabisa wa chini ya miaka 2, na mkubwa kidogo apimiwe dozi na mfamasia, siyo kuvunja nusu ya kidonge chako.

Nimefika Chake Chake tangu asubuhi na kitanda bado kinayumba, ni kawaida?

Kawaida, ubongo umeshazoea mawimbi, kwa wengi inaisha ndani ya siku moja au mbili. Ila ukisharudi Arusha halafu homa ikaja wiki ya kwanza, ya pili au hata baadaye, usiseme ni uchovu wa boti, umepita Dar au Tanga na mbu wa pwani, nenda kapime malaria siku hiyo hiyo.